Krosiplei ikikwama kwenye toleo la majaribio: dalili, chanzo na dawa kwa wachezaji wa Uganda

Studio inapofungua mchezo wake wa kutisha ujaribiwe na watu kabla haujatoka rasmi, inatafuta kitu ambacho haiwezi kukipata ofisini: simu za kila aina, ruta za kila aina, na mitandao ya kila aina. Wajaribu wengi huwa Ulaya na Marekani, karibu na seva. Ndiyo maana ripoti inayotoka Kampala, Mbarara au Gulu ina uzito wake. Inaonyesha mchezo unavyokuwa seva ikiwa mbali, mtandao ukiwa wa laini ya simu, na umeme ukikatika katikati ya raundi. Lakini itafanyiwa kazi tu ikiwa aliyeiandika amekwisha kutenganisha kosa la mchezo na kosa la mtandao wake, akaunti yake au mipangilio yake. Nimeona ripoti nyingi za vijana wetu zikifungwa kwa jibu la mstari mmoja, "tatizo ni la mtandao wako," na mara nyingine hitilafu ya kweli ilikuwamo ndani yake ila haikuonyeshwa. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Krosiplei ni watu wa mashine tofauti, yaani PC, PlayStation, Xbox na hata simu, kucheza kwenye chumba kimoja. Kwenye mchezo wa kutisha ni jambo kubwa kuliko kwenye mpira au mbio za magari, kwa sababu hofu inategemea wote waone na wasikie kitu kilekile kwa wakati uleule.

Kabla hujagusa chochote, jua tatizo ni la nani. Wote mkitoka kwenye mchezo kwa pamoja, shuku seva. Akitoka mmoja na wengine wakabaki, shuku laini au ruta yake. Wakikwama wa PlayStation wote na wa PC wote wako sawa, shuku toleo. Swali hili halichukui hata dakika, nalo linakuokoa usianze kuzima na kuwasha ruta isiyo na kosa.

Msimbo wa chumba unakataliwa, au rafiki haonekani kabisa

Chanzo kinachotangulia vingine vyote ni matoleo kutolingana. Sasisho la konsoli hupitia ukaguzi wa mwenye konsoli, Sony au Microsoft, kabla ya kuwafikia wachezaji. La kwenye Steam, yaani duka la michezo ya PC, studio inalitoa yenyewe siku hiyohiyo. Kwa hiyo studio ikirekebisha kitu leo jioni, wa PC wanakipata leo na wa konsoli wanasubiri. Katika muda huo mchezo unawatenganisha kwa makusudi, kwa sababu mashine mbili zenye kanuni tofauti haziwezi kukubaliana mlango uko wapi. Angalia namba ya toleo, ambayo kwa kawaida iko kwenye kona ya menyu ya kwanza, kisha kila mmoja aitume kwenye kundi lenu. Zikitofautiana hata tarakimu ya mwisho, msihangaike na kitu kingine chochote.

Jambo la pili: majaribio mengine hayana krosiplei kabisa. Dead by Daylight, uliotoka mwaka 2016, una toleo la majaribio la hadharani linalofunguliwa kwenye Steam peke yake, ingawa mchezo wenyewe unachezwa kwa krosiplei. Ukiingia kwenye tawi hilo la majaribio, yaani toleo jingine la mchezo uleule, rafiki yako wa PS5 hatakuona, na hakuna kilichoharibika. Soma tangazo la jaribio uone majukwaa yaliyotajwa.

Tatu, kwenye Steam kuna njia mbili za kujaribu, na watu huzichanganya. Njia moja ni tawi ndani ya mchezo ulionao: bofya jina la mchezo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia "Properties", kisha "Betas", uchague tawi. Njia ya pili ni Playtest, inayokaa kwenye maktaba yako kama mchezo mwingine kabisa wenye jina lake. Aliye kwenye tawi na aliye kwenye Playtest wako kwenye programu mbili tofauti. Mwingine atakuwa amepakua onyesho la bure, naye hataonana na yeyote kati yao.

Matoleo yakilingana na bado hamwonani, fungueni mipangilio. Krosiplei huweza kuzimwa ndani ya mchezo, na kwenye toleo la majaribio huja ikiwa imezimwa mara kwa mara. Kwenye Xbox kuna ruhusa mbili kwenye sehemu ya faragha: moja ya kucheza na watu walio nje ya mtandao wa Xbox, nyingine ya kuzungumza nao kwa sauti na maandishi. Akaunti iliyofunguliwa kama ya mtoto haiwezi kubadilisha ruhusa hizo yenyewe, bali mzazi aliyeifungua ndiye anayezibadilisha kwenye akaunti yake. Vijana wengi hapa wanatumia konsoli ya nyumbani iliyowekwa miaka kadhaa nyuma na kaka mkubwa au mjomba, na hakuna anayekumbuka akaunti ile ilifunguliwa kwa umri gani. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mwisho, angalieni ukanda, yaani eneo la dunia ambako seva mnazotumia ziko. Michezo mingine haionyeshi vyumba vya ukanda ambao hukuuchagua. Mmoja akiwa kwenye Ulaya na mwingine akiwa kwenye Asia, msimbo ulio sahihi kabisa utaonekana si sahihi.

Wengine wanaingia, mmoja anabaki nje

Anaona chumba, anabonyeza kuingia, duara linazunguka, kisha ujumbe wa kushindwa kuunganishwa. Au anaingia akiwa na mwenyeji fulani, yaani aliyefungua chumba kwenye mashine yake, lakini akibadilishwa mwenyeji hawezi. Hii ni dalili ya NAT, yaani mashine nyingi kutumia anwani moja ya nje ya intaneti, na kwa Uganda chanzo chake kinajulikana.

Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, IPv4, ni chache. Kampuni za simu zina wateja wengi kuliko anwani, kwa hiyo wateja wengi wanashirikishwa anwani moja ya nje. Mchezo ambao mashine za wachezaji zinaunganishwa moja kwa moja hauna njia ya kukufikia, kwa sababu anayegonga kwenye anwani ile hajulikani anamtaka nani kati ya wote walio nyuma yake. PlayStation itakuandikia NAT aina ya 3, na Xbox itasema ni kali.

Kuhakikisha ni rahisi. Fungua ukurasa wa ruta yako, tafuta anwani iliyopewa upande wa nje. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, hilo ni fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo ya kushirikisha wateja. Ikiwa ni 10 kitu, maana yake ni ileile. Linganisha na anwani unayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kuangalia anwani yako. Zikitofautiana, uko nyuma ya mlango wa kampuni, na hakuna kufungua bandari (port, mlango wa mawasiliano ya mchezo) kwenye ruta kutakakosaidia. Watu hupoteza jioni nzima wakifungua bandari kwenye ruta ambayo yenyewe haina anwani ya nje.

Dawa ya haraka ni kubadilisha mwenyeji. Aliye na laini ya waya yenye anwani yake halisi awe mwenyeji, na wa laini za simu wawe wageni. Mchezo ukiwa na chaguo la kupitishia mawasiliano kwenye seva ya kati, liwasheni, ingawa kuchelewa kutaongezeka. Dawa ya kudumu ni kuomba anwani ya pekee kwa anayekuuzia intaneti. Baadhi hutoa kwa wateja wa biashara kwa malipo ya ziada. Kama nyumbani kuna ruta mbili zimeunganishwa, ile ya kampuni na ile uliyonunua mjini, weka ya pili ifanye kazi ya kusambaza Wi-Fi tu, maana kila ruta inayogawa anwani inaongeza mlango mwingine.

Iripoti studio ikiwa mchezo hauna njia ya seva ya kati kabisa, au unayo lakini unashindwa kuitumia yenyewe pale muunganisho wa moja kwa moja unapokataa. Hilo ni kosa lao la kweli, na litamgusa kila mchezaji wa laini ya simu Afrika Mashariki.

Umefunga mlango, lakini umekamatwa

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila jaribio la mchezo wa kutisha, na ndilo linaloripotiwa vibaya kuliko yote. Kijana mmoja wa Kansanga aliniandikia: "Kaka, nimefunga mlango kabisa, nimeuona umefungwa, halafu mkono ukapita ukanishika. Huu mchezo una hitilafu." Huenda anayo haki. Lakini kwanza tuhesabu.

Mwanga ndani ya waya wa fiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Kampala hadi Frankfurt ni karibu kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni 12,000, yaani milisekunde 60 hata kama kusingekuwa na kituo chochote njiani. Lakini waya haunyooki. Uganda haina pwani. Mawasiliano yetu yanapita Kenya hadi Mombasa, au Tanzania hadi Dar es Salaam, ndipo yashike waya wa baharini. Nyaya hizo zilianza kufika pwani yetu mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, kisha EASSy mwaka 2010. Njia ya kwenda Ulaya inapanda Bahari ya Shamu na kuingia Mediterania. Ndiyo maana pingi, yaani muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde, ya zaidi ya 150 kwenda Ulaya si ya kushangaza hata kidogo.

Sasa tuilete kwenye mlango. Katika Dead by Daylight, muuaji wa kawaida anakwenda mita 4.6 kwa sekunde, na anayekimbizwa mita 4. Katika milisekunde 200, muuaji amekwisha kusogea sentimita 92. Kwa kawaida anakupunguzia pengo la sentimita 60 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa huko ni sawa na kumzawadia sekunde moja na nusu ya mbio. Wewe kwenye skrini yako umefunga mlango naye yuko mbali. Kwenye skrini yake mlango bado uko wazi na wewe uko mkononi. Seva inapokea habari mbili zinazopingana na lazima iamue. Michezo mingi inampa haki anayeshambulia, kwa sababu kupiga kitu unachokiona mbele yako na kikakosa kunaudhi kuliko kupigwa. Huo ni uamuzi wa wabunifu. Unaweza kuupinga kwenye ripoti yako, lakini usiuite hitilafu.

Kwa hiyo pima. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ping -n 50 ikifuatwa na anwani ya seva ikiwa mchezo unaionyesha, au anwani yoyote iliyo katika ukanda uleule. Tazama vitu vitatu: wastani, tofauti kati ya ndogo na kubwa, na pakiti (vipande vya data) zilizopotea. Pingi ya 170 isiyotikisika inachezeka kuliko ya 90 inayoruka hadi 400. Kisha andika tracert na anwani hiyohiyo. Mstari wa kwanza ni ruta yako, mara nyingi 192.168 kitu. Kama mstari huo tayari unaonyesha milisekunde 40 au 80, tatizo liko kati ya kiti chako na ruta: ukuta, microwave, au jirani anayetumia mkondo uleule wa Wi-Fi. Chomeka waya wa mtandao kabla ya kulaumu bahari. Mstari wa kwanza ukiwa 1 au 2 na kuruka kukaanzia mstari wa pili au wa tatu, ni laini ya kampuni, hasa saa za jioni ambapo mnara mmoja unahudumia mtaa mzima. Kuruka kukianzia mbali huko, nje ya Afrika, huna la kufanya isipokuwa kuandika ulichokiona.

Siku nyingine kweli ni bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki yote ikapungua kasi, Uganda ikiwamo. Ukijaribu mchezo siku kama hiyo, andika juu kabisa ya ripoti kwamba nyaya zimekatika. Usipoandika, namba zako zitaharibu picha nzima.

VPN uliyosahau kuizima

Hili linastahili nafasi yake peke yake, kwa sababu ni letu. Julai 2018 ilikuja kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, na watu wengi wakajifunza VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mahali pengine. Kodi ile ikabadilishwa mwaka 2021 kuwa asilimia 12 kwenye bando lenyewe, lakini Januari mwaka huohuo Facebook ikafungwa, na VPN ikabaki kwenye simu na kompyuta nyingi ikiwashwa asubuhi hadi usiku. Hakuna anayeifikiria tena.

Mchezo unaifikiria. Chukua seva iliyoko Johannesburg, ambako Microsoft imekuwa na kituo cha data tangu 2019. Kutoka Kampala ni karibu kilomita 3,000. Ukiwa na VPN inayotokea Amsterdam, pakiti yako inakwenda kilomita zaidi ya 6,000 hadi Uholanzi, kisha karibu 9,000 kurudi kusini. Hesabu ya mwanga peke yake inaruka kutoka milisekunde 30 hadi zaidi ya 150. Juu ya hayo, mchezo unakuona ni Mholanzi, unakupeleka kwenye seva za Ulaya, na rafiki yako wa Ntinda asiye na VPN anapelekwa kwingine. Mifumo ya kuzuia udanganyifu nayo huweza kukukataa.

Kwa simu inayogawa intaneti, angalia vilevile: VPN ya kwenye simu na ya kwenye kompyuta ni vitu viwili, na unaweza kuzima moja ukaacha nyingine. Kama unaihitaji kwa mambo mengine, programu nyingi za VPN zina sehemu ya kuruhusu programu fulani zipite nje yake. Weka mchezo humo.

VPN huwa dawa mara moja moja, pale kampuni inapopeleka mawasiliano ya Afrika Kusini kwa kuzungukia Ulaya. Pima bila nayo, pima nayo, linganisha. Njia yenye pingi ndogo ndiyo utumie, na uitaje kwenye ripoti.

Sauti: mnaonana lakini hamsikiani

Kwenye mchezo wa kutisha sauti ni nusu ya mchezo, na krosiplei inaivunja kwa namna zake.

Wa Xbox akiwa kwenye kundi la mazungumzo la konsoli yenyewe, sauti yake inakwenda huko na mchezo haumsikii. Atoke kwenye kundi, au alibadilishe litumie sauti ya mchezo. Kwenye Windows, hakikisha ruhusa ya kipaza sauti imetolewa kwa programu za mezani, kwa sababu ruhusa hiyo ni moja kwa programu hizo zote, na ikizimwa hakuna mchezo wa aina hiyo utakaokusikia.

Dalili ngumu kuitambua ni ya vipokea sauti vya Bluetooth. Kwenye menyu muziki unasikika vizuri. Mara tu raundi inapoanza na kipaza sauti kuwashwa, kila kitu kinakuwa kama simu ya zamani, na hujui tena nyayo zinatoka kushoto au kulia. Chanzo ni Bluetooth yenyewe: kipaza sauti kikiwashwa, kompyuta inahamia kwenye hali ya simu, yenye sauti ya njia moja na ubora mdogo. Mjaribu ataandika kwamba mwelekeo wa sauti umeharibika, na watengenezaji watatafuta kosa lisilokuwapo. Tumia vipokea sauti vya waya unapojaribu, hata vile vya bei ndogo vya Wandegeya. Au acha Bluetooth kwa kusikiliza tu na utumie kipaza sauti kingine.

Sauti ya ukaribu, ile inayofifia mwenzako akienda mbali, ikikatika kwa mtu mmoja tu, angalia pakiti zake zilizopotea. Ikikatika kwa wote wanapovuka sehemu fulani ya ramani, hiyo ni hitilafu nzuri ya kuripoti, pamoja na jina la sehemu hiyo.

Na kuna michezo inayosikiliza maneno ya mchezaji, kama Phasmophobia, uliofika kwenye PC mwaka 2020 na kwenye konsoli Oktoba 2024 ukiwa na krosiplei tangu mwanzo. Utambuzi wa maneno unategemea lugha uliyoichagua kwenye mipangilio. Kama Kiswahili hakimo kwenye orodha ya mchezo unaoujaribu, roho haitakujibu ukiiita kwa Kiswahili, na hilo si tatizo la kipaza sauti chako. Lakini ukisema Kiingereza chetu cha Uganda kwa utulivu na bado hausikii, andika sentensi uliyosema neno kwa neno na uambatanishe rekodi. Wanahitaji sana lafudhi zetu, na hazitawafikia tusipozipeleka.

Giza lisilo sawa

Mmoja anasema chumba ni cheusi tii, mwingine anaona kila kona. Kabla ya kusema taa za mchezo zimeharibika, kila mmoja arudie kipimo cha mwangaza cha mwanzo, na azime HDR, mpangilio unaopanua tofauti ya mwanga na giza, kwenye televisheni na konsoli. Televisheni nyingi zina hali ya picha inayoongeza weusi zenyewe. Ichague ile ya michezo. Mkibaki mkitofautiana baada ya hapo, pigeni picha ya skrini mahali pamoja, mkiwa mmesimama kwenye alama moja, na mtume zote mbili. Aliye PC anayeona gizani kwa sababu amepandisha mwangaza wa kadi ya picha ana faida dhidi ya aliye konsoli, na usawa huo ni jambo halali la kulijadili na studio.

Mchezo unaanguka au kugandaganda

Kugandaganda kwenye dakika za mwanzo, kisha kutulia, mara nyingi ni mashine ikitayarisha "shaders", yaani programu ndogo za kuchora mwanga na sura za vitu, kwa mara ya kwanza. Kunaweza kurudi baada ya sasisho. Ripoti tu kama hakuishi raundi ya pili.

Kuanguka mara baada ya kupakua kunahusiana sana na umeme uliokatika wakati wa kupakua. Kwenye Steam, "Properties", kisha "Installed Files", kuna kitufe cha kuhakiki mafaili. Kibonyeze kwanza. Ukikataliwa na mfumo wa kuzuia udanganyifu, hakikisha umeufungua mchezo kupitia Steam, si kwa kubofya faili lake ndani ya folda.

Kuanguka kunakobaki baada ya hayo kuna ushahidi ulioandikwa na mchezo wenyewe. Michezo iliyotengenezwa kwa Unity, moja ya programu za kutengenezea michezo, huacha faili la Player.log ndani ya AppData, LocalLow, kisha folda ya studio na ya mchezo. Pembeni yake liko Player-prev.log, la mara iliyotangulia. Ukiufungua mchezo tena baada ya kuanguka, unachohitaji kiko kwenye hilo la pili. Ukiufungua mara mbili, kimepotea. Michezo ya Unreal, programu nyingine ya kutengenezea michezo, huweka yake ndani ya AppData, Local, folda ya mchezo, Saved, Logs. Nakili faili kabla hujajaribu tena.

Mwaliko, saa na bando

Tangazo likisema jaribio linafunguliwa saa nne asubuhi kwa saa za Pasifiki, kwetu ni saa mbili usiku majira yao ya joto, na saa tatu usiku majira yao ya baridi. Wao wanabadilisha saa Machi na Novemba, sisi tunabaki saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa, mwaka mzima. Seva ambayo "haifunguki" saa mbili usiku mwezi wa Desemba huenda haijafunguliwa.

Uganda haimo kwenye orodha ya nchi zenye huduma rasmi ya PlayStation Network (PSN), kwa hiyo akaunti za hapa zimefunguliwa kwa nchi nyingine. Msimbo wa mwaliko wa PlayStation ni wa ukanda. Wa Ulaya haukubaliwi na akaunti ya Marekani. Unapojiandikisha, taja nchi ya akaunti, si nchi unayoishi. Jambo hili si dogo: Mei 2024, Helldivers 2 uliondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN, yetu ikiwamo, baada ya sharti la kuunganisha akaunti. Ukiona toleo la majaribio la PC linadai akaunti ya PSN, liandike mapema.

Kuhusu bando: tangu 2023 Steam inaweza kunakili mchezo kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mtandao mmoja wa nyumbani. Mmoja apakue, wengine wanakili kwake, mradi wote wako kwenye tawi lilelile na toleo lilelile. Kwa kikundi kinachojaribu kutoka kituo kimoja cha gemu, hiyo ni akiba kubwa.

Ripoti inayosomeka

Huu ni mfano wa namna ya kuiandika:

"Toleo 0.9.2, tawi la majaribio, Windows 11. Jumamosi, 18:40 UTC. Wachezaji wanne: PC wawili, PS5 mmoja, Xbox mmoja. Mwenyeji PC. Seva ya Ulaya, pingi yangu 165, pakiti zilizopotea sifuri, bila VPN. Mlango wa ghala, ramani ya pili: nikiufunga, wa PC wanauona umefungwa, wa PS5 anauona wazi na anapita. Kwa wa Xbox umefungwa. Tumerudia mara tatu, mara zote vilevile. PS5 akiwa mwenyeji, haitokei."

Soma sentensi ya mwisho tena. Hiyo ndiyo inayomwambia mhandisi aanzie wapi. Na angalia kwamba mlango huu si wa yule kijana wa Kansanga: hapa mlango unabaki wazi kwa mtu mmoja baada ya sekunde nyingi, na hakuna pingi inayoweza kuueleza. Yeye nilimwomba arudie akiwa amesimama tu, bila kufukuzwa, mwenzake akitazama kutoka upande wa pili. Ukifungwa kwa wote wawili, ni umbali. Usipofungwa kwa mmoja, ni hitilafu.

Andika kwa Kiingereza chepesi kama fomu ni ya Kiingereza, sentensi fupi fupi, na ambatanisha video ikiwa masharti ya jaribio yanaruhusu. Majaribio ya siri yanakataza kuweka picha popote nje ya fomu yao, na anayevunja sharti hilo huondolewa pamoja na ripoti zake. Tuma kabla jaribio halijafungwa, maana maendeleo ya mchezaji kwenye toleo la majaribio kwa kawaida hufutwa, na seva zikishazimwa hutaweza tena kurudia ulichokiona ili wakuulize zaidi.